Nzi wa maua wa Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza

Ukurasa huu ni kwa mtu anayekaa Tanga mjini, Pangani, Muheza au huko juu Amani na Lushoto, mwenye simu, macho na hamu ya kuwajua wadudu wanaozunguka maua ya uani kwake. Mahali ambapo wanaoanza hukwama nimeeleza kwa urefu. Kwingine nimepita haraka.

Nzi wa maua ni wadudu gani hasa?

Ni familia ya Syrphidae, ndani ya oda ya Diptera, yaani wadudu wenye mabawa mawili, walimo pia mbu na nzi wa nyumbani. Duniani spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 6,000, na kwa Afrika kusini mwa Sahara ni takribani 600. Wadogo hawafiki milimita 5, wakubwa hupita milimita 15. Wengi wamevaa rangi za nyuki na nyigu: njano kwa nyeusi, rangi ya chungwa kwa nyeusi, au kahawia yenye manyoya.

Dalili ya kwanza ni urukaji wao. Nzi wa maua husimama hewani. Utamwona ameganda mbele ya ua, mabawa yanakwenda kasi hata huyaoni, kisha ghafla kahamia pembeni shubiri moja na kuganda tena. Nyuki huyumbayumba akitafuta pa kutua. Huyu hayumbi.

Wanauma?

Hawaumi. Hawana mwiba, na mdomo wao ni wa kulamba na kufyonza tu, hautoboi ngozi. Akikutua mkononi wakati wa joto anatafuta chumvi ya jasho. Mwache alambe, maana hapo ndipo utakapomwona kwa karibu kuliko wakati mwingine wowote. Watoto wadogo lakini wafundishwe kutomshika mdudu yeyote mwenye mistari ya njano mpaka wajue kutofautisha, kwa sababu nyigu naye anavaa hivyohivyo.

Kama hawana mwiba, kwa nini wamevaa rangi za nyigu?

Ndege aliyewahi kuumwa na nyigu hukumbuka rangi zake na kumwepuka kila anayefanana naye. Nzi wa maua hunufaika na kumbukumbu hiyo. Jambo hili lilielezwa kisayansi na Mwingereza Henry Walter Bates mwaka 1862, baada ya miaka mingi ya kukusanya vipepeo Amazon, na mpaka leo uigaji wa namna hii unaitwa kwa jina lake. Kwako wewe unayeanza, maana yake ni moja: rangi ndiyo kitu cha mwisho cha kuamini. Mdudu huyu ameumbwa kudanganya macho kwa rangi.

Basi nitamtofautishaje na nyuki au nyigu?

Anza na kichwa. Nzi wa maua ana macho makubwa mno, yanachukua karibu kichwa kizima. Nyuki na nyigu macho yao ni marefu, yamekaa ubavuni, na uso unabaki wazi katikati. Kisha tazama vipapasio. Kwa nyuki na nyigu ni virefu, vina kiwiko, unaviona hata kwa mbali. Kwa nzi wa maua walio wengi ni vifupi sana, vimekaa mbele ya uso, na juu ya kila kimoja kuna unywele mmoja.

Halafu mabawa. Nyuki ana manne, nzi ana mawili. Hili linasemwa sana lakini kwa mtu aliyesimama juani na simu mkononi si rahisi kama linavyosikika, kwa kuwa mabawa ya nyuki ya mbele na ya nyuma hushikana kwa vindoano vidogo na kuonekana bawa moja. Afadhali uhesabu kwenye picha, nyumbani, umetulia. Mahali pa bawa la nyuma nzi ana vijiti viwili vifupi vyenye kifundo nchani, vinavyomsaidia kujisawazisha angani. Picha nzuri ya ubavu huvionyesha.

Miguu nayo inasema. Nyuki wa asali akitoka kazini amebeba mafungu ya chavua kwenye miguu ya nyuma. Nzi wa maua hula chavua papo hapo, habebi kitu kupeleka nyumbani. Na kiuno: nyigu amebanwa kiuno kwelikweli, nzi wengi kifua na tumbo vimeungana bila kubanwa. Wapo wachache wanaoiga hata hicho kiuno, ndiyo maana ushahidi mmoja hautoshi. Ukipata macho, vipapasio na mabawa vikikubaliana, umemaliza.

Na nzi wengine je? Maua yana nzi wa kila namna.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu wakishajua kwamba ni nzi wanadhani kazi imekwisha. Kuna nzi wa kijani wa chooni, anayeng'aa na kutua kwenye maua kunywa utamu. Kuna nzi wenye vinyweleo vikali vilivyosimama mwili mzima, ambao mabuu wao huishi ndani ya viwavi. Kuna wale wenye manyoya na mdomo mrefu ulionyooka mbele hauingii ndani, familia ya Bombyliidae, nao husimama hewani vizuri sana. Siku hizi kuna pia nzi askari mweusi, ambaye watu wanamfuga kwa chakula cha kuku. Yeye vipapasio vyake ni virefu.

Ushahidi wa uhakika uko kwenye bawa. Mabawa yote yana mishipa, ila bawa la nzi wa maua lina mstari mmoja wa ziada katikati, unaokwenda kwa urefu wa bawa, ambao hauungani na mshipa wowote kwenye ncha zake. Ni mshipa wa uongo: mkunjo uliokuwa mgumu. Tena karibu na ukingo wa nje wa bawa, mishipa hujipinda na kwenda sambamba na ukingo huo, kana kwamba bawa limepigwa pindo. Ukiona mstari wa uongo na pindo, huyo ni wa Syrphidae. Kuna wachache ambao mstari huo ni hafifu mno, lakini wa bustanini kwako wengi wanao.

Niende wapi kuwatafuta hapa Tanga?

Uani kwako kwanza. Kama kuna mrehani, acha matawi mawili matatu yachanue. Najua wenye mrehani hukata vichwa vya maua ili majani yazidi, lakini tawi moja lililochanua huvuta wageni asubuhi nzima. Giligilani na shamari zilizoachwa zikatoa maua ni bora zaidi, kwa kuwa ua lao ni dogo na wazi, na mdomo mfupi wa nzi unafika kwenye utamu bila shida. Mlonge, maboga, mchungwa, hata kishona nguo kilichoota nyuma ya choo, vyote vinafaa. Nisikilize kwa hili: usipalilie kila kitu. Kona moja ya magugu yenye maua madogo meupe na ya njano itakufundisha kuliko safari ya mbali.

Mjini, pita Bustani ya Jamhuri asubuhi, au kwenye ua za nyumba za Raskazone. Ukitoka nje kidogo, ukingo wa Mto Mkulumuzi kuelekea Mapango ya Amboni una kivuli, unyevu na maua ya porini, na huko huonekana aina zisizopenda jua kali. Barabara za mashamba ya mkonge zina magugu pembeni yanayochanua kwa wingi baada ya mvua. Pangani tazama chini ya minazi, hasa karibu na mashimo ya kuloweka makumbi. Sababu nitaieleza kwenye swali la mabuu. Muheza ni machungwa yakichanua, na mwembe popote ulipo: ua la mwembe hutegemea nzi kwa sehemu kubwa ya uchavushaji wake, na nzi wa maua wamo.

Ukishazoea wa pwani, panda Amani. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, lakini utafiti pale ni wa zamani zaidi: Wajerumani waliweka taasisi yao ya kilimo na biolojia mwaka 1902, na bustani ya mimea waliyoianzisha ipo hadi leo. Msitu unaanzia chini, usawa wa Sigi, unapanda hadi juu ya mita 1,000, na kadiri unavyopanda wadudu wanabadilika. Simama mahali ambapo miale ya jua inapenya na kugonga njia. Madume hupenda kuganda hewani ndani ya mwale huo, wakilinda eneo lao na kumkimbiza kila apitaye. Lushoto nako, kwenye mabustani ya kabichi na maharage, utawakuta kwa wingi wale ambao mabuu wao hula vidukari, yaani wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea.

Wakati gani wa mwaka na saa ngapi?

Mwaka mzima wapo, ila wiki za baada ya masika, kuanzia mwishoni mwa Mei, ndizo bora, kwa kuwa magugu yote yamechanua. Baada ya vuli hupatikana tena. Januari na Februari, kiangazi kikibana, tafuta penye maji.

Saa moja na nusu hadi saa nne asubuhi. Jua la pwani likishapanda wengi huingia kivulini, na walio juani wana kasi ambayo simu haiiwezi. Upepo mkali wa kusi hufukuza karibu wote. Siku hizo tafuta ukuta au ua unaokinga.

Ninunue vifaa gani?

Simu uliyonayo inatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukipata kioo cha kukuzia mara 10 ni vizuri, na lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inasaidia kwa walio chini ya milimita 6. Wavu si lazima. Daftari ni lazima.

Nipigeje picha ili mtu aweze kumtambua?

Picha moja nzuri ya juu haitoshi, hata ikiwa inapendeza. Wanaotambua wadudu hawa wanahitaji kuona vitu vitano: mgongo mzima kwa juu, ubavu, uso kwa mbele, bawa likiwa limetanda, na mguu wa nyuma. Bawa piga ukiwa na mwanga unaotoka upande wa pili ili mishipa ionekane. Uso ndio unaosahaulika zaidi, na ndio unaosema mengi: kama ni wa njano mtupu au una mstari mweusi katikati, kama una kinundu, kama mdomo umejitokeza mbele.

Namna ya kumfikia: usimfuate. Chagua ua ambalo ametua mara mbili, chuchumaa karibu, kivuli chako kisilifunike, na subiri. Nzi wa maua hurudi palepale. Weka simu tayari kwenye umbali wa kiganja, tumia upigaji wa mfululizo, piga picha nyingi na uzifute baadaye. Usikuze kwa kuvuta kioo. Sogea wewe polepole, kwa sababu kinachowashtua ni mwendo wa ghafla. Na piga picha ya kwanza ukiwa mbali kidogo, hata mbaya, kabla hujasogea. Akiruka utakuwa na kitu.

Nianze na aina zipi?

Jifunze kwanza makundi mawili makubwa, majina yatafuata. Kundi la kwanza ni wembamba, wepesi, njano kwa nyeusi, na mabuu wao wengi hula vidukari. Kundi la pili ni wanene, wazito, wengi wa rangi ya nyuki, na mabuu wao wengi hukulia kwenye maji machafu au vitu vinavyooza. Kuna alama ya bawa inayosaidia sana: kwa wanene wengi, mshipa mmoja mrefu wa sehemu ya nje ya bawa hushuka ghafla, ukafanya bonde, kisha ukapanda tena. Kwa wembamba mshipa huo umenyooka au una wimbi dogo tu.

Katika wembamba, wa kwanza utakayemkuta shambani huenda akawa Ischiodon aegyptius, mmoja wa walioenea sana Afrika. Kifua chake cheusi kina ukanda wa njano wazi kila ubavu, na tumbo lina alama za njano mbili mbili. Allograpta ni mdogo zaidi, mwembamba, mistari yake ya tumbo ni myembamba. Asarkina huwezi kumkosa: tumbo lake ni pana na bapa, la rangi ya chungwa, limekatwa na mistari myeusi, na akiganda hewani jua likimpiga kwa nyuma anaonekana anawaka. Betasyrphus ni mweusi mwenye mikanda iliyofifia, na macho yake yana vinyweleo, jambo utakaloliona kwenye picha ya karibu tu. Paragus ni mdogo kuliko wote hawa, mweusi, mara nyingi tumbo lina wekundu, naye huruka chini kabisa kati ya magugu. Wengi humpita wakidhani ni nzi tu wa kawaida. Allobaccha anapenda kivuli, na tumbo lake limeanza jembamba mno kisha likapanuka. Huyo ndiye mmoja wa wanaoiga kiuno cha nyigu.

Katika wanene, Eristalinus ndiye zawadi ya anayeanza. Macho yake yana madoa au mistari! Mdudu mwingine wa maua utakayemwona na macho yenye nakshi za aina hiyo ni nadra, hivyo picha moja ya kichwa inakufikisha kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, bila ubishi. Eristalinus taeniops ana mistari wima machoni na tumbo la rangi ya chungwa lenye mikanda, na watu wengi humchukulia kuwa nyuki. Wengine wa jenasi hiyo ni weusi wanaong'aa, wenye mistari ya urefu mgongoni na macho ya madoa. Phytomia ni mkubwa, mpana, anavuma kwa sauti nzito, anaonekana sana kwenye miti iliyochanua. Mesembrius ana mistari ya urefu kifuani na hupatikana karibu na vinamasi na mabonde ya mpunga. Eristalis tenax, nzi aliyeenea karibu dunia nzima kwa kufuata watu na mifugo, anafanana na nyuki wa asali kwa rangi na ukubwa, ila macho hayana madoa.

Kisha kuna Syritta, mwembamba mweusi, mwenye mapaja ya nyuma yaliyovimba kupita kiasi cha mwili wake. Ndiyo sababu nilisema piga picha ya mguu.

Dume na jike nawajuaje?

Tazama kichwa kwa juu. Kwa wengi, macho ya dume yanagusana utosini, ya jike yameachana. Zipo jenasi ambazo hata madume macho yameachana, kwa hiyo andika "huenda ni jike" kama hujui jenasi yake.

Programu ya simu imenipa jina. Naweza kuliamini?

Liamini nusu. iNaturalist ni ya bure na ninaipendekeza kwa moyo wote, lakini jina inalopendekeza hutokana na picha ambazo watu wameshaziweka, na picha nyingi za nzi wa maua zimetoka Ulaya na Marekani. Kwa hiyo nzi mwembamba wa Chumbageni anaweza kupewa jina la spishi isiyofika hata Misri. Angalia ramani ya spishi hiyo kabla ya kukubali. Kama nukta zote ziko Uingereza na Ujerumani, rudi nyuma ngazi moja, chagua jenasi, au andika Syrphidae peke yake. Wataalamu wa nzi wa Afrika huzipitia rekodi hizo, na rekodi iliyoandikwa "Syrphidae, Tanga" ikiwa na picha tano inawafaa kuliko jina kamili la kubahatisha.

Piga picha shambani bila bando, uziweke baadaye ukipata Wi-Fi. Na ukiwa unapiga uani kwako, chagua mahali pafichwe, ili nyumba yako isionekane kwenye ramani ya kila mtu.

Kwa nini mnasisitiza kuishia kwenye jenasi? Mimi nataka jina kamili.

Kwa sababu spishi nyingi za Afrika hutenganishwa kwa vitu ambavyo picha haiwezi kuonyesha: vinyweleo vya sehemu fulani, au umbo la viungo vya uzazi vya dume chini ya darubini. Atakayekuambia spishi ya Paragus kwa picha ya simu iliyopigwa kwa juu, muulize ameona nini. Mimi naona heshima kwa mdudu na kwa elimu ni kusema kiasi kile ulichokiona. Jenasi sahihi, tarehe, mahali na ua alilokuwa akila ni habari kamili. Zikikusanywa kwa miaka zitaonyesha nani yuko Tanga, mwezi gani, na anategemea mmea gani.

Niandike nini kwenye daftari?

Tarehe, saa, mahali kwa jina linalojulikana na wenyeji, mmea, hali ya hewa, na alichokuwa akifanya: anakula chavua, anaganda juani, anataga, anafukuzana. Jina la mmea usilijue kwa Kilatini? Andika jina la kwenu na upige picha ya jani.

Mabuu wao wako wapi?

Hapa ndipo somo linaponoga, na watu wengi hawafiki.

Nenda kwenye kunde zilizoshambuliwa na vidukari weusi. Kunja jani au chunguza shina changa walipojazana. Utaona kati yao kidudu kisicho na miguu, cha kijani au kahawia, mwili unaangaza kidogo, mbele kumechongoka, nyuma kumetanuka. Hana macho. Anapapasa huku na huku kwa kichwa, akigusa kidukari anamnyanyua juu na kumfyonza mpaka libaki gamba. Buu mmoja huweza kumaliza mamia ya vidukari kabla hajawa pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda akigeuka nzi. Mayai yake ni meupe, marefu, ya milimita moja hivi, na mama huyataga moja moja karibu na kundi la vidukari ili mtoto akianguliwa asitafute chakula mbali. Wakulima wengi humwona buu huyu wakamdhani kiwavi na kumponda. Kiwavi ana miguu, huyu hana hata mmoja. Hiyo ndiyo tofauti.

Mabuu wa kundi la wanene wanaishi mahali ambapo hutapenda kuchungulia: mitaro iliyotuama, karo lililo wazi, shimo la samadi lililojaa mvua, mashimo ya makumbi, maji ya makapi ya mkonge karibu na korona, yaani kiwanda cha kuchambua mkonge. Maji hayo hayana hewa ya kutosha, hivyo buu ana mrija nyuma unaorefuka na kufupika, ambao ncha yake hufika juu ya maji ikavuta hewa huku mwili uko chini kwenye tope. Mtu asiyemjua hushtuka akidhani ni mnyoo wenye mkia. Hana madhara kwa mazao wala hasumbui watu. Anakula uozo na vijidudu vilivyomo. Ukimwangalia tumia kijiti, na unawe mikono kwa sabuni.

Kundi la tatu ni la ajabu. Mabuu wa Microdon huishi ndani ya viota vya sisimizi wakila watoto wa sisimizi hao. Wana umbo la nusu duara, hawana kichwa kinachoonekana, wanatambaa polepole mno, na katika miaka ya 1820 wanazuoni wa Ulaya waliwaelezea kwenye maandishi yao kuwa ni konokono wasio na gamba.

Kwa hiyo nisipulizie dawa kwenye kunde?

Kagua kabla ya kupulizia. Ukiona mabuu hawa kwenye mashina yaliyoshambuliwa, wape siku chache. Dawa inayoua kila mdudu huwaua wao pamoja na vidukari, na vidukari huzaliana haraka kuliko nzi, kwa hiyo wanarudi shamba likiwa halina wa kuwala. Kama hali ni mbaya kweli, ng'oa au kata mashina yaliyojaa kabisa, na mmwone afisa ugani wa kata yenu. Pembezoni mwa kunde panda mstari wa giligilani au uache magugu yachanue. Nzi jike anahitaji chavua ili mayai yake yakomae, na bila maua karibu hatakaa.

Nikitaka kutazama kwenye shamba la mtu?

Salimu, omba, eleza. Tanga hii mtu hapiti shambani kwa mwenzie kimya kimya na simu imeelekezwa kwenye mimea. "Hodi hapa. Shikamoo bibi. Naomba kuangalia wadudu kwenye maboga yako, sitachuma kitu." Mara nyingi jibu ni "Marahaba mjukuu wangu, angalia tu, ila hao nyuki wasikuume," na hapo umepata nafasi ya kumwonyesha picha na kumweleza kuwa huyu si nyuki, mtoto wake ndiye anayekula vidukari vya kunde. Wazee wengi wameshawaona mabuu hao miaka nenda rudi na watakuonyesha wanapopatikana.

Kwenye hifadhi kama Amani jiandikishe kwenye ofisi na ulipe kiingilio. Picha kwa matumizi yako ni sawa. Kukamata na kuondoka na wadudu ni jambo jingine: utafiti unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kwa wanyamapori, wadudu wakiwemo, TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) nao wanahusika. Anayeanza hana haja ya kufika huko.

Naweza kufuga buu nyumbani nimwone akibadilika?

Unaweza, na kwa wala vidukari ni rahisi. Kata shina la kunde lenye vidukari na buu mmoja, uliweke kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, juu ufunike kwa kipande cha chandarua na mpira. Mmoja kwa chupa, maana wakikosa vidukari hulana. Badilisha shina kila siku, ulete vidukari wapya, na usiiweke chupa juani. Siku atakapotoa uchafu mweusi mwingi kwa mara moja usiogope: anasafisha tumbo kabla ya kuwa pupa. Pupa hujibandika kwenye jani au ukuta wa chupa, ina umbo la tone la maji. Usiibandue.

Kwa joto la pwani subiri wiki moja hivi. Nzi akitoka huwa amepauka, rangi zake hukolea baada ya saa kadhaa, hivyo usikimbilie kumtambua asubuhi hiyohiyo. Mpige picha akishakolea, umwachie kwenye maua. Sasa una rekodi ambayo ni adimu: buu, pupa, mzima na mmea aliokulia, vyote vya mdudu mmoja.

Wakati mwingine badala ya nzi atatoka nyigu mdogo mwembamba mwenye vipapasio virefu. Kuna nyigu wa jenasi ya Diplazon ambao hutaga ndani ya yai au buu la nzi wa maua, na mtoto wao humla mwenyeji ndani kwa ndani na kutoka kwenye pupa yake. Usimtupe wala usidhani umeharibu. Mpige picha kwa juu na ubavuni, piga na ganda la pupa lenye tundu alilotokea, na uandike yote mawili kwenye rekodi moja: nyigu huyu, kutoka kwa nzi wa maua, kwenye vidukari vya kunde, tarehe na kijiji.